Mama Mjamzito Asinyimwe Yai

Iguguno ni mji mdogo wilayani Mkalama, mkoani Singida, kando ya barabara kuu iendayo Nzega. Mkoa huo unasifika nchini kote kwa alizeti na kuku wa kienyeji. Matenga ya kuku hupakiwa magarini, yakapelekwa Dar es Salaam na miji mingine. Lakini katika sehemu mbalimbali za nchi yetu, mikoa ya kati ikiwamo, ingali hai imani kwamba mjamzito akila mayai atazaa mtoto asiye na nywele. Hivyo mfuga kuku huuza yai, na mkewe mwenye mimba hushindia ugali na mlenda.

Sisi wa Visiwani tusiwacheke ndugu zetu, maana nyani haoni kundule. Samaki wazuri na pweza huvuliwa mbele ya macho yetu, wakaishia mahotelini, na mama mjamzito akabaki na muhogo au wali mtupu.

Siku hizi imani hiyo ya kale imevikwa nguo mpya. Mtoto mchanga akitoka ukurutu mashavuni na kwenye viwiko, akajikuna usiku kucha, wapo wanaomlaumu mama: alikula mayai, alikula samaki, alikula karanga. Mimba ifuatayo huwekewa miiko zaidi.

Lawama hiyo haina msingi. Ukurutu hutokana zaidi na urithi na udhaifu wa ngozi yenyewe. Mwaka 2012 wataalamu waliopima uchunguzi mbalimbali uliofanywa juu ya jambo hili walitoa hukumu yao: kumkataza mjamzito vyakula vya namna hiyo hakuelekei kumkinga mtoto, bali kunaweza kudhoofisha lishe ya mama na ya mtoto aliye tumboni.

Je, chakula cha mama chaweza kuzuia ukurutu? Hapa tuwe waangalifu. Uchunguzi uliotangazwa Uingereza mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto ambao mama zao walipewa vitamini D wakati wa mimba walipata ukurutu kwa uchache walipofikia mwaka mmoja. Lakini tofauti hiyo haikuonekana tena baadaye. Huko Denmark, mwaka 2016, mafuta ya samaki yaliyopewa wajawazito yalipunguza pumu na kukoroma kwa kifua cha watoto kwa karibu theluthi moja, lakini hayakuleta nafuu ya hakika kwa ngozi. Basi asitokee mtu wa kuwauzia akina mama vidonge kwa ahadi ya ngozi laini ya mtoto.

Jambo lisilo na shaka ni hili: mama asiyekula vizuri hupungukiwa damu, na huweza kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Takwimu za taifa za mwaka 2022 zilionyesha kuwa wanawake 42 katika kila 100 walio katika umri wa kuzaa wana upungufu wa damu, na watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Huo ndio msiba wetu mkubwa.

Nchi hii haianzi leo. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa mwaka 1973, mwaka ule ule wa kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Wananchi walikusanyika vijijini kusikiliza redio na kujadiliana. Moyo ule unahitajika tena.

Tunaziomba Wizara za Afya, ya Bara na ya Zanzibar, zihakikishe kwamba vidonge vya kuongeza damu havikosekani katika kliniki yoyote, na kwamba kila mjamzito anaulizwa amekula nini, si kupimwa uzito tu. Masheha na viongozi wa vijiji wawaite wanaume, kwa kuwa wao ndio mara nyingi huamua kipi kiuzwe na kipi kiliwe. Visiwani, dagaa na samaki wadogo wafike kwanza chunguni. Papa na samaki wengine wakubwa wapunguzwe kwa wajawazito, kwa sababu hukusanya zebaki mwilini.

Mwenye kuku asimnyime mkewe yai, na mwenye ngalawa asimnyime samaki. Mtoto huanza kulishwa kabla hajazaliwa.