Kibodi ya Mapande Mawili

Kijana apigaye taipu kutwa huenda akaamka asubuhi vifundo vya mikono vyamuuma. Kibodi ya kawaida ni nyembamba kuliko mabega. Mikono huijia kwa mshazari, na vifundo hupindika kwa nje ili vidole vikae juu ya herufi. Kuigawa mapande mawili, kila pande likielekea bega lake, huvinyosha vifundo hivyo.

Lakini vidole navyo vina mazoea yao. Mwaka 1936, huko Marekani, August Dvorak alipewa hati ya uvumbuzi kwa mpango mpya wa herufi. Wachache tu waliufuata, kwani ulimtaka mtu ajifunze upya. Microsoft mwaka 1994 waliigawa kibodi, wakauacha mpango wa zamani. Ila B ilikwenda kushoto, na tarakimu 6 pia. Aliyezoea kuipiga B kwa mkono wa kulia na aandike “baba”: kidole kitaangukia penye uwazi.

Mimi humwambia mzazi anunue yenye mpango uleule wa kale, mapande yake yakiwa yameungana, wala asiihukumu kabla ya majuma mawili. Na kama maumivu yamekwisha kumnyima kijana usingizi, aanze kwa daktari.