Twapita Mlangoni, Hatuingii

Kila Mfunguo Sita watu wetu huvuka Mokowe kwa wingi kwenda Lamu kusoma Maulidi. Makumbusho ya Lamu yako papo hapo mbele ya bahari. Hapana awezaye kudai hakuyaona. Basi letu lilichukua watu arubaini. Tulioingia tulikuwa watatu, na mmoja ni mwanangu.

Nilipowauliza wenzangu, mmoja akanijibu, "Hayo ni mambo ya Wazungu." Mambo ya Wazungu! Siwa ya Pate, ya pembe za ndovu, ni ya Mzungu gani? Na siwa ya shaba ya Lamu je, zilizokuwa zikipulizwa katika arusi na sherehe za wakubwa wa miji yetu? Mwanangu aliniuliza siwa hupulizwa upande gani. Mimi, mtu mzima mwenye ndevu, sikujua. Mlinzi ndiye aliyemwonyesha tundu lililo ubavuni.

Mwengine alitaja fedha, na mfukoni ana miraa ya thamani kuliko kiingilio, ambacho mwananchi hulipa kidogo kuliko mgeni. Wa tatu akasema kutazama vitu vya kale ni kuabudu masanamu. Ni nani aliyemwambia asujudu? Dini imetuamuru tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia. Kutembea twatembea, kutazama ndiko kulikotushinda.

Wala sisi wa Mombasa tusiwacheke watu wa safari. Ngome waliyoianza Wareno mwaka 1593, wakazingirwa ndani yake na Waomani tangu 1696 hata 1698, kwetu ni ukuta wa kupunga upepo jioni. Ndani vimo vyombo vya Kichina vilivyofukuliwa Gedi. Aliyeifukua Gedi tangu 1948 ni Mwingereza, James Kirkman. Kufukua si kosa lake. Lakini ikisemwa kwamba miji hii ilijengwa na wageni, twapiga kelele barazani. Utamjibu nini msemaji huyo, ewe ndugu, nawe hata kigae kimoja hujakiona?

Beit el-Ajaib ya Unguja, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883 na baadaye ikawa makumbusho, iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Disemba 2020, na watu wakafa. Siku ile nilipigiwa simu na jamaa yangu akilia. Alikwenda Unguja mara tano. Ana picha zake amesimama mbele ya mlango ule, na ndani hakuingia hata mara moja.