Msituokotee Walezi

Tuambizane ukweli jinsi mlezi wa klabu ya vijana anavyopatikana katika Mkoa wa Katavi. Mradi unafika. Barua inakwenda kwa mtendaji wa kata, naye anaishusha kwa mtendaji wa kijiji: yanahitajika majina mawili, mwanamume na mwanamke, kabla ya keshokutwa. Mtendaji hana muda wa kutafuta. Anaandika jina la shemeji yake na la kijana aliyekuwa amekaa nje ya ofisi akisubiri kugongewa muhuri. Keshokutwa hao wawili wako ukumbini Mpanda mjini. Wanasaini mahudhurio, wanakula sambusa, wanabandika makaratasi makubwa ukutani, wanagawiwa fulana. Siku ya pili jioni wanapokea posho na nauli, inapigwa picha ya pamoja, basi. Wamekuwa walezi. Watoto 30 wamekabidhiwa kwao.

Huko ni kuokota watu. Nalisema bila kuuma maneno kwa sababu watoto wanaokabidhiwa ni wetu.

Na Katavi si mahali pa kufanyia mchezo huu. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015/16 ulituweka juu kuliko mikoa yote nchini: asilimia 45 ya wasichana wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Utafiti wa 2022 ulitukuta kwenye asilimia 34, taifa likiwa kwenye 22. Tumeshuka, ndiyo. Lakini msichana mmoja kati ya kila watatu si takwimu ya kupigia makofi.

Kuna jambo jingine ambalo waandaaji wa semina hawaligusi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604 katika mkoa huu. Ya 2022 ikahesabu 1,152,958. Tumezidi mara mbili ndani ya miaka kumi! Familia zimehama kutoka usukumani na kwingineko kufuata mashamba na malisho; Katumba na Mishamo zilijaa watu waliokimbia mauaji ya Burundi ya 1972, ambao wengi wao leo ni raia wenzetu. Wengi wetu hapa ni wa kuja, na sioni aibu katika hilo. Lakini maana yake ni kwamba bibi na shangazi, wale waliokuwa wakimweka binti chini na kuzungumza naye, wamebaki kijiji cha mbali. Maana yake pia ni kwamba jirani hamjui jirani. Mwanamume aliyehamia Majalila mwaka jana, mcheshi, mwepesi kujitolea, anayependa kukaa na watoto: nani anayejua alikotoka aliondokaje? Hakuna aliyeuliza. Mradi ulikuwa na haraka.

Anayetaka kuwadhuru watoto hutafuta mahali watoto walipo. Klabu yenye mlango wazi, isiyouliza swali hata moja, inamrahisishia kazi. Vyama vya skauti vimelielewa hili na kujiwekea kanuni: mtu mzima mmoja hajitengi faragha na mtoto mmoja. Kanuni hiyo haigharimu hata shilingi. Kwa nini klabu zetu nyingi hazinayo?

Kabla mtu hajaitwa mlezi, jina lake lisomwe kwenye mkutano wa kijiji. Adhaminiwe na watu watatu wasio ndugu zake. Waulizwe akina mama wa kikundi chake cha kuweka na kukopa, maana hao wanajua nani mlevi na nani hana staha kwa watoto wa wenzake. Ipigwe simu alikoishi zamani. Kisha akae miezi mitatu chini ya mlezi mzoefu, kwa majaribio.

Najua nitakachojibiwa: mkichuja hivyo mtakosa watu. Si kweli. Mkosa watu ni yule anayewatafuta kwa barua. Mama anayeuza dagaa soko la Buzogwe na kuwaamua watoto wa mtaa mzima wanapogombana hajawahi kuandikiwa barua. Wala kocha wa Makanyagio anayenunua mpira kwa fedha yake mwenyewe. Wala mstaafu wa reli ambaye vijana humfuata jioni wakimwomba ushauri. Mfuate mtu kama huyo nyumbani kwake, keti naye, mweleze kazi ilivyo na saa zinazohitajika kwa wiki, mpe nafasi ya kukataa. Atakayekubali baada ya hapo hatakukimbia mvua zikianza.

Tusijifiche nyuma ya walimu pia. Shuleni klabu tunazo tangu zamani: Malihai, iliyoanza 1980 kuwafundisha vijana kulinda wanyamapori; TUSEME, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996 ili wasichana wajifunze kusema yanayowasibu. Huko mlezi ni mwalimu, mwenye vipindi vyake na madaftari yake ya kusahihisha, na akihamishwa klabu inayumba. Kijana aliyeacha shule, anayechuma tumbaku au kuhangaika kwenye machimbo ya dhahabu, hana hata huyo.

Sasa mafunzo. Chukua jambo moja tu. Binti wa miaka 14 anabaki nyuma wenzake wakiondoka. Anakunja na kukunjua pindo la kanga. "Anti, nikikwambia jambo, hutamwambia mtu?" Mlezi asiyefundishwa anaapa hapo hapo: "Simwambii mtu, mwanangu." Ameshaharibu. Kama anayemwumiza binti ni mjomba wake, mlezi ama atanyamaza na maumivu yaendelee, ama atavunja kiapo na binti hatafungua mdomo tena. Aliyefundishwa anajibu: "Nitakusikiliza mpaka mwisho. Ila kama kuna mtu anakuumiza, itabidi nimwambie wa kutusaidia, na wewe ndiye utakayejua kwanza ni nani." Maneno hayo hayaingii kwa kusomewa ukutani. Yanafanyiwa mazoezi, mmoja akiwa binti, mwingine mlezi, tena na tena, mpaka ulimi uzoee. Kisha mlezi ajue asubuhi inayofuata anakwenda wapi: kwa afisa ustawi wa jamii, kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi, au kupiga 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe kwa serikali yake ya mtaa. Ni walezi wangapi wamewahi kuambiwa hivyo?

Mafunzo ya namna hiyo hayaishi kwa siku mbili. Yanataka kukutana kila mwezi, karibu na anapoishi mlezi. Msimwite mtu wa Mishamo au Karema aje Mpanda mjini mwezi Desemba, barabara imejaa tope na yeye yuko shambani na jembe. Mrudishieni nauli yake, yote. Mpeni simu ya mtu atakayepokea anapokwama. Kujitolea ni kutoa muda. Kumfanya maskini agharamie klabu kutoka mfukoni mwake ni dhuluma. Ila posho ya kukaa ukumbini iondoke kabisa, maana ndiyo inayoleta wale wasiokuja kwa ajili ya watoto.

Wakurugenzi wa halmashauri zetu tano, Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika, miradi hii yote hupita mezani kwenu. Safari ijayo daini vitu vitatu: majina ya walezi, majina ya waliowadhamini, na ratiba ya mafunzo ya mwaka mzima. Visipokuwepo, msisaini.