Rufaa ya kurudi nyumbani

Mfumo wetu wa afya hapa Tanzania unajua kumpandisha mgonjwa. Zahanati humwandikia kwenda kituo cha afya, kituo cha afya kwenda hospitali ya wilaya, wilaya kwenda mkoa, na mkoa kwenda hospitali za Bugando, KCMC, Mbeya au Ocean Road, na kila hatua ina karatasi yake. Inayokosekana ni karatasi ya kushuka. Mwanamke mwenye saratani ya shingo ya kizazi, ambaye mionzi haiwezi tena kumponya, huruhusiwa arudi kwao Kigoma au Lindi akiwa na dawa za majuma machache. Tangu anapopanda basi hakuna mtumishi wa afya anayewajibika kwa maumivu yake. Waliomtibu hawajui alifikia wapi, na zahanati ya kijijini kwao haijui kwamba amerudi. Tiba shufaa, yaani huduma ya kumtuliza mwenye ugonjwa usiopona na kuisaidia familia inayomuuguza, hukatikia hapo. Wapo wanaosema tunahitaji majengo ya hospisi, yaani vituo vya kuwatunza wagonjwa wasiopona, katika kila mkoa. Ninaamini tunahitaji kwanza makabidhiano: hospitali imtaje kwa jina muuguzi atakayempokea mgonjwa huko aendako, na dawa imtangulie.

Ukubwa wa jambo hili unajulikana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 56.8 huhitaji tiba shufaa kila mwaka, na wanaoipata ni takriban asilimia 14 tu. Mwaka 2017 tume ya jarida la kitabibu la Lancet ilichapisha hesabu inayoumiza kuisoma: kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya mofini zilizokuwa zikisambazwa duniani kwa mwaka, nchi zenye kipato cha chini kabisa ziliambulia tani 0.1. Bei haiwezi kubebeshwa lawama hiyo. Mofini ya kunywa ni unga unaochanganywa na maji safi na kihifadhi, haina hatimiliki ya kampuni yoyote, na imekuwa katika orodha ya dawa muhimu kwa miongo mingi. Hata harufu ya kidonda cha saratani, ambayo humfanya mgonjwa ajifungie chumbani akaona aibu hata kwa wanawe, hupunguzwa kwa vidonge vya metronidazo vilivyosagwa na kunyunyizwa juu ya kidonda, dawa ambayo maduka ya dawa muhimu huwa nayo. Maarifa yapo na dawa zinanunulika. Kinachoshindikana ni kuvikutanisha na mtu aliyelala kwenye mkeka kilomita mia nane kutoka kwa daktari wake.

Uganda ilikutana na kizuizi hichohicho mapema kuliko sisi. Daktari Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa Uganda jijini Kampala mwaka 1993, ilikuwa taasisi ndogo isiyoweza kuifikia nchi nzima. Kilichoifanya ifike mbali ni kukubali kufanya kazi na wengine. Wizara ya Afya iliiingiza tiba shufaa katika mipango yake, na mwaka 2004 kanuni zikabadilishwa ili wauguzi na matabibu waliopata mafunzo maalumu waruhusiwe kuandika mofini, jambo lililokuwa la madaktari peke yao. Baadaye hospisi hiyo ikawa inatengeneza mofini ya kunywa kwa makubaliano na serikali, na mgonjwa akaipata bila malipo. Hospisi ilichangia ujuzi, serikali ikachangia sheria na bohari, na muuguzi wa wilayani akawa na mamlaka ya kutenda. Ukiondoa mmoja kati ya hao watatu, chupa haimfikii mgonjwa.

Hapa kwetu vipande hivyo vipo, ila kila kimoja kina mwenyewe. Ocean Road ina wataalamu. Hospitali za KKKT, kuanzia Selian kule Arusha, zimekuwa zikiwafuata wagonjwa majumbani tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Bohari ya Dawa ina magari na maghala. Lakini hospitali za rufaa za mikoa ziko chini ya Wizara ya Afya, huku hospitali za wilaya, vituo vya afya na zahanati zikiwa chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, na mgonjwa wa tiba shufaa huvuka mpaka huo akiwa dhaifu kuliko wakati wowote wa maisha yake. Daktari wa hospitali ya mkoa hana mamlaka ya kumpangia kazi muuguzi wa zahanati. Muuguzi naye, hata akiwa na moyo wa kusaidia, hana pa kuomba dawa ambayo haimo katika orodha ya kituo chake. Hapo huruma ya mtu mmojammoja haitoshi, kwa sababu hata muuguzi bora kabisa atasimama mikono mitupu.

Atakayesema kwamba kumfuata mgonjwa kutoka hospitali ya taifa hadi kijijini ni ndoto, na akumbuke VVU. Leo mtu aliyeanza dawa Dar es Salaam anaweza kuhamia Tunduru, akaonyesha kadi yake ya CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo, na fomu ya uhamisho, akapokelewa na kuendelea na dawa. Utaratibu huo ulijengwa na serikali, mashirika ya dini, wafadhili na wahudumu wa kujitolea waliopita nyumba kwa nyumba, katika miaka ambayo wengi waliamini hauwezekani. Nchi iliyojifunza kufanya hivyo kwa ugonjwa mmoja inaweza kufanya hivyo kwa saratani, moyo uliochoka, figo zilizofeli, na kwa mtoto wa selimundu ambaye maumivu yake humrudisha wodini mara kwa mara. Mpango uliozinduliwa Januari 2024 wa kuwafunza wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 unatupa watu wa kuanza nao. Hao hawatatoa mofini. Watajua nyumba ipi ina mgonjwa, wataona kama amepata choo au amekaa siku tano bila, na watampigia simu muuguzi.

Pingamizi zito kuliko yote ni hofu kwamba mofini ikishuka hadi vituo vya afya itaingia mitaani. Hofu hiyo siidharau. Familia nyingi za pwani zimezika vijana kwa sababu ya heroini. Lakini dawa ya kunywa inayotolewa kwa kipimo, kila saa nne, kwa mtu anayejulikana kwa jina na ugonjwa, inaweza kuhesabiwa: kabati lenye kufuli, daftari lenye saini mbili, chupa tupu kurudishwa kabla ya nyingine kutolewa. Ndiyo maana Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya inapaswa kukaa mezani tangu siku ya kwanza, iandike masharti pamoja na wauguzi. Ikiitwa mwishoni itaishia kukataza tu, na gharama ya katazo hilo italipwa na anayelia usiku.

Wengine watauliza kwa nini fedha ziende kwa wasiopona wakati wanaoweza kupona hawana vitanda. Swali hilo linachukulia kwamba kumwacha mgonjwa bila huduma ni bure. Familia huuza shamba kumkimbiza tena mjini, alazwe siku kumi kwa maumivu ambayo chupa moja ingeyatuliza, na kitanda kile kinamkosa mwingine. Tena, utafiti wa Boston uliochapishwa Marekani mwaka 2010, wa wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa, ulionyesha kwamba waliopewa tiba shufaa mapema pamoja na matibabu ya kawaida waliishi na nafuu zaidi, wachache zaidi kati yao wakapewa matibabu makali mwishoni, na hata hivyo waliishi muda mrefu zaidi, kipimo cha kati (median) kikiwa miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Hospitali ya Boston si zahanati ya Kasulu, najua. Lakini matokeo hayo yanaijibu dhana iliyoenea kwetu, kwamba kumtuliza mtu maumivu ni kumkatia tamaa.

Na yale maneno kwamba sisi huuguza wagonjwa wetu wenyewe ni ya kweli, tena ni fahari yetu. Ila binti anayemgeuza mama yake usiku kucha anastahili kufundishwa namna ya kuzuia vidonda vya kulala, na kupewa namba ya mtu wa kumpigia saa nane usiku.

Pa kuanzia ni mikoa inayozizunguka hospitali nne zenye huduma za saratani nilizozitaja mwanzoni. Wizara na TAMISEMI zisaini fomu moja ya kumkabidhi mgonjwa, ambayo bila jina la muuguzi mpokeaji haruhusiwi kutoka wodini. Kanuni zimruhusu muuguzi na tabibu aliyefunzwa kuandika mofini. Bohari ipeleke dawa hadi kituo cha afya, hospitali za dini zilipwe kwa kufundisha kile zilichokifanya miaka yote, na kitita cha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 kigharamie ziara ya nyumbani kama kinavyogharamia kitanda. Fomu haihitaji mkopo wala mfadhili. Inaweza kuwa tayari kabla Waziri wa Afya hajasimama Dodoma kusoma bajeti yake ijayo, na wabunge wana haki ya kumuuliza siku hiyo iko wapi.