Njoo Kesho, Njoo Kesho: Magemu ya Watu Wazima na Hadithi Zisizotembea

Kama hujatimiza miaka 18, hili si lako. Rudi kwenye makala za Linux, zipo tele. Mliobaki, karibuni tena. Leo nina neno na watengenezaji wenzangu, hasa wale wa kujitegemea wanaounda magemu ya hadithi kwa watu wazima na kukusanya pesa kila mwezi kupitia Patreon. Jamani, mnatuzungusha!

Nianze na asiyeyajua. Mengi ya magemu haya ni riwaya za picha: unasoma mazungumzo, unaona picha, na mara kwa mara unachagua njia ya kufuata. Mengi yameundwa kwa Ren'Py, programu huria ya Tom Rothamel iliyotoka mwaka 2004 na inayotumia lugha ya Python. Summertime Saga ya DarkCookie ni ya Ren'Py, na Being a DIK ya Dr PinkCake pia. Ni chombo kizuri mno. Mtu mmoja mwenye kompyuta ya kawaida na hadithi kichwani anaweza kuanza leo usiku. Anatoa toleo la 0.1, kisha 0.2, na wafadhili wanachanga dola chache kila mwezi huku wakingoja linalofuata.

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Anayelipwa kwa mwezi, siku hadithi inapokwisha ndiyo siku mshahara unapokatika. Sisemi wote ni matapeli, wengi ni watu wanaokesha. Nasema mpango wenyewe unamlipa mtu asimalize, na binadamu hujifunza haraka kile anacholipwa kufanya.

Tazama hadithi inavyonyoshwa. Mhusika anaamka. Kuna asubuhi, mchana, jioni na usiku, na kila kipindi unabonyeza milango ileile kutafuta nani yuko nyumbani. Jirani hatakwambia neno la maana mpaka alama ya mapenzi ifike 20, na kila ukimtembelea inapanda kwa 1. Kwa hiyo unakwenda mara 20 kusikia salamu ileile. Kwa sisi tunaoandika msimbo, kazi hiyo ni mistari mitatu: kigezo kimoja, ulinganisho mmoja, na kuruka hadi lebo nyingine. Mistari mitatu imekula jioni yako nzima. Mazungumzo ya kweli kati ya watu wawili, yenye aibu na utani na kitu kilichofichwa, yangemchukua mwandishi siku kadhaa, ndiyo maana hayapo.

Najua jibu lenu: mapenzi hayana haraka, subira huvuta heri. Nakubali, tena kwa moyo wote! Gemu la watu wazima linalokimbilia kitandani dakika ya tano halina haja ya hadithi, liwe tu albamu ya picha. Katawa Shoujo ya Four Leaf Studios ilitoka Januari 2012, bure, nayo pia iliundwa kwa Ren'Py. Kikundi cha watu wa kujitolea kiliihangaikia kwa miaka. Sehemu yake ya kwanza inakwenda kwa mwendo wa kobe: darasa, maktaba, chakula cha mchana. Lakini kila tukio linakuacha ukijua jambo ambalo hukulijua kuhusu mtu fulani. Na ina mwisho, tena si mmoja. Unaweza hata kuzima matukio ya watu wazima na hadithi ikabaki imesimama. Huo ndio upole. Kubonyeza kitanda ili siku ipite ni kitu kingine.

Wala msidhani kungoja kwa vipande ni jambo geni kwetu. Hadithi za mfululizo kwenye magazeti tumezilea miaka mingi, na kule Tanzania Eric Shigongo alijijengea jina kwa riwaya zilizotoka sehemu baada ya sehemu kwenye magazeti ya udaku. Siku hizi kuna chombezo za Facebook na WhatsApp zinazokata utamu penye neno "itaendelea". Mnaweza kuzicheka, lakini mtunzi wa gazetini alijua kwamba sehemu ya leo isiponoga, gazeti la wiki ijayo litabaki kwa muuzaji. Msomaji alinunua kurasa zilizokwisha kuchapishwa. Ninyi mnauza ahadi ya kurasa.

Halafu mnaambia watu wa Shianda wawe na subira! Huku mtu anapanda muwa na kungoja mwaka mmoja na nusu au zaidi, na hata hivyo halipwi kwa kupanda, analipwa kwa tani zilizopimwa. Kiwanda cha Mumias kilipowekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, kuna wakulima walioachwa wakingoja pesa za miwa waliyokwisha kuipeleka. Hakuna haja ya kutufundisha kungoja. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Kuna na gharama ambayo mtengenezaji wa Ulaya mwenye intaneti isiyokatika haioni. Kila toleo jipya ni gemu zima upya, gigabaiti kadhaa, kwa bando la simu, ili upate dakika 15 za hadithi. Hili halina udhuru wowote wa kiufundi. Ren'Py husoma faili zote za .rpa inazozikuta kwenye folda ya gemu. Weka kila sura kwenye faili yake, nami nitapakua sura moja tu. (Picha za Daz Studio huchukua muda mrefu kutengenezwa, hilo nawasamehe. Uvivu wa kufungasha siwasamehi.)

Na gemu lisiloisha linaweza kufa kabla yako. Julai 2025, kampuni za malipo zilipobana, Steam iliondoa magemu kadhaa ya watu wazima, na itch.io ikayaficha ya aina hiyo kwenye utafutaji wake. Aliyekuwa na hadithi kamili kwenye diski yake alibaki na hadithi. Aliyekuwa na 0.4 alibaki na 0.4.

Njia ipo. Being a DIK iliuza msimu wake wa kwanza kwenye Steam mwaka 2020 kama kitu kimoja chenye mwanzo na mwisho wake, na mnunuzi alijua anachonunua. Fanyeni hivyo. Au simamisheni makato kila mwezi ambao hamkutoa kitu, Patreon inaruhusu.

Nawe mfadhili, tangu kadi ya M-Pesa GlobalPay ije mwaka 2022 kulipa nje kumekuwa rahisi mno, hata ukiwa umekaa sokoni Shianda. Kabla hujabonyeza, fungua orodha ya matoleo. Hesabu siku kati ya moja na jingine. Soma kilichoongezwa. Ukikuta matoleo matatu mfululizo ya "menyu mpya" na "vyumba zaidi", na jirani bado anasema habari za asubuhi, kanunue bando la kitu kingine.