Kateni Mistari, Msinikate Ulimi

Tuna tatizo la makofi. Kijana anaandika shairi usiku, asubuhi analitupa kwenye kundi la WhatsApp, na kabla chai haijapoa ameshapata alama za moto kumi na mbili, watu watatu wamemwambia kalamu yake haina mpinzani, na mmoja ameandika "malenga!" bila kufika ubeti wa pili. Mwezi ujao shairi lile lile, na kosa lile lile la herufi, liko ndani ya diwani. Hakuna aliyemwuliza swali hata moja. Halafu tunashangaa kwa nini diwani zetu mpya zinafanana kama mifuko ya sukari dukani.

Nasema haya nikiwa upande wa vijana, kwa sababu mimi ni mmoja wao. Naandikia Lushoto, na ninachotaka kupinga hapa ni mambo mawili yanayokwenda pamoja: kutokukosolewa kabisa, na kukosolewa na mtu asiyejua unachojaribu kusema. La kwanza linatufanya wavivu. La pili linatufanya mabubu. Mtu akiogopa la pili anakimbilia la kwanza, na mimi simlaumu sana.

Shule haikutusaidia. Nilisoma ushairi kuanzia sekondari na nilichofundishwa ni kutambua: hapa pana tashbiha, hapa takriri, taja aina ya vina, toa dhamira nne na mifano. Ukimaliza unaweza kulichambua shairi la mtu kama daktari anayepasua maiti, lakini hujawahi kuona shairi likiwa hai na homa. Hatukuwahi kuonyeshwa rasimu. Kila shairi lilikuja kitabuni limekwisha kuvaa na kuchana nywele, tukadhani lilizaliwa hivyo.

Halafu kuna wale wanaosema kukosoana ni mambo ya Wazungu, kwamba mshairi wa Kiswahili hupewa na Mungu na hakuna wa kumgusa. Hawa nawaomba wafungue magazeti ya zamani. Mambo Leo ilianza kutoka mwaka 1923, na kurasa zake za mashairi, kama zile za magazeti yaliyoifuata, zilikuwa uwanja wa kujibizana. Mtu akitunga, mwingine alimjibu kwa shairi, akamshika kwenye hoja au kwenye lugha, na kila msomaji akaona. Lugha yetu yenyewe ina neno malenga, ina neno mwanagenzi, na mwanagenzi maana yake ni mtu anayejifunza kazi kwa fundi. Kama ushairi ungekuwa ni kushukiwa tu, neno la pili lisingekuwa na kazi. Amri Abedi alipochapa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, aliona kwamba kutunga ni jambo la kufundishika. Unaweza kuzikataa sheria zake, na waliokuja na mashairi huru walizikataa. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 wasomi na malenga waligombana kwa miaka. Lakini pande zote mbili ziligombana kama watu wanaoamini kwamba shairi linaweza kuwa bora au baya zaidi. Sisi tumebaki na makofi.

Sasa nije kwenye la pili, ambalo ndilo linaloniuma.

Baba yangu alipofariki, kaka zake waliuza shamba la mipeasi lililokuwa nyuma ya nyumba. Mama hakuwa na karatasi yoyote. Niliandika shairi. Rasimu ya kwanza ilianza hivi:

Machozi yabubujika, moyo umejaa giza,
Dhuluma imetufika, hakuna wa kutuliza.

Hesabu mwenyewe. Nane na nane, vina vya kati na vya mwisho vimekaa sawasawa. Nilikwenda nalo kwenye semina ya siku mbili mjini (sitaitaja), yenye mwezeshaji, cheti, na picha ya pamoja chini ya bango. Mistari hii miwili alinisifia. Alichokigusa ni neno moja katika ubeti wa nne, ambapo nilikuwa nimeandika shi. Shi kwa Kisambaa ni nchi, ni ardhi, ni mahali penu na kila kinachopafanya paishi, mvua ikiwemo. Alilipiga mstari mwekundu, akaandika juu yake "ardhi", na pembeni: "Msomaji wa Dar es Salaam atakwama."

Nilirudi na shairi kwa Mwalimu wangu. Ni mzee mstaafu wa shule ya msingi, anakaa juu ya Soni, hajachapisha kitabu na hana mpango huo. Nilimkuta anamenya muhogo barazani. Shikamoo, marahaba, habari za mama. Akalisoma mara mbili kwa sauti, polepole, kama anavyosoma barua ya benki. Kisha akauliza:

"Mwanangu, miti ilikuwa mingapi?"

"Saba, Mwalimu."

"Mbona hapa sioni hata mmoja? Naona machozi tu. Machozi kila mtu anayo."

Kuhusu shi na ardhi alisema maneno machache. Ardhi ni ya hati, ya mahakama na ya wizara. "Hao baba zako wadogo ardhi wameipata. Ninyi mmenyang'anywa shi. Sasa chagua unalilia kipi."

Tazama tofauti ya hawa wawili. Yule wa semina aliyapitisha machozi yaliyokopwa akaliondoa neno pekee lililokuwa langu. Mwalimu alifanya kinyume, tena kwa swali la hesabu. Nilikaa na shairi lile wiki tano. Likaanza hivi:

Mipeasi yetu saba, kila mmoja na jina,
Wa saba waitwa Haba, haujazaa, ni mwana.

Sisemi ni mistari mikubwa. Nasema ina mti ndani yake. Mama nilipomsomea hakulia kama nilivyotarajia. Alinisahihisha kwamba mti uliochelewa kuzaa ulikuwa wa sita, kisha akaanza kunieleza baba aliipata wapi miche, jambo ambalo hajawahi kulisema. Ubeti wa pili wote umetoka katika mazungumzo yale. Mti wa saba umebaki wa saba kwa sababu ya kina, na mama amenisamehe.

Kuliacha shi mahali pake kulikuwa na gharama ya kiufundi, na hii ndiyo sehemu ambayo wapiga makofi hawaijui. Ardhi ni mizani tatu, shi ni moja. Ukiondoa moja na kuweka nyingine, kipande kizima kinaanguka. Mwalimu hakunijengea. Alinionyesha ulegevu uko wapi, akarudi kwenye muhogo wake. Nilikijenga upya kipande hicho mara sita, nikagundua kwamba neno lililokuwa linajaza nafasi kabla yake lilikuwa pambo tupu, likaondoka, na mstari ukapata pumzi.

Kuna jambo la haki hapa pia. Abdilatif Abdalla alitunga Sauti ya Dhiki akiwa kifungoni Kenya kati ya 1969 na 1972, akatunga kwa Kimvita chake, na sisi huku Bara tunamsoma kwa heshima, na neno likitushinda tunauliza. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini neno la Mombasa likitukwamisha tunaliita utajiri wa lahaja. Neno la Usambara likimkwamisha mtu wa Dar es Salaam linaitwa kosa. Nani alipanga hivyo? Wala Kiswahili cha milima hii hakikuletwa jana na basi kutoka Mombo. Abdallah bin Hemedi aliandika Habari za Wakilindi kwa Kiswahili mwishoni mwa karne ya 19, masimulizi marefu ya watawala wa Usambara, na alikuwa akiwahudumia wasomaji wa Kiswahili kwa habari za huku huku.

Wazee wa hapa wana kumbukumbu nyingine inayonisaidia kufikiri. Mwaka 1946 serikali ya Mwingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi udongo kule Mlalo, na baadaye ukaenezwa Usambara nzima. Wakulima walilazimishwa kuchimba matuta kwa vipimo vya bwana shamba. Watu walipinga, wanawake kwa wanaume, mpaka mpango ukafa mwishoni mwa miaka ya 1950. Asidhani mtu kwamba Wasambaa walikuwa hawajui udongo unateremka. Mlima wanaulima wao. Walichokataa ni vipimo vya mtu ambaye hakuuliza shamba ni la nani, lina ukubwa gani, na kazi ya jembe itafanywa na nani. Steven Feierman, mwanahistoria aliyeandika kitabu kuhusu wakulima hawa mwaka 1990, anaeleza maneno mawili waliyopimia utawala: kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mimi nayachukua maneno hayo kwa ajili ya mashairi. Kuna mlezi anayezifya na kuna anayebana, na wote wawili wanakuja na kalamu nyekundu.

Msinielewe kwamba nataka walezi wapole. Mfano maarufu wa ukatili mwema ni wa mwaka 1922: T. S. Eliot alimpa Ezra Pound rasimu ya The Waste Land, na Pound akakata kurasa kwa kurasa, karibu nusu nzima. Rasimu zenyewe zilichapishwa mwaka 1971 na mikwaruzo ya kalamu inaonekana. Mimi ninachokipenda pale ni kwamba Pound hakuligeuza liwe shairi la Pound. Na Eliot hakukubali kila kitu. Mwanagenzi anayekubali kila kitu si mwanagenzi, ni karani.

Mwalimu naye tumeshagombana. Alitaka niondoe ubeti ambao mama anacheka, siku ya kuuzwa shamba, kwa sababu mbuzi wa jirani ameingia na kuanza kula majani mbele ya mnunuzi. Alisema unavunja huzuni. Nilimwambia kwa adabu zote kwamba alicheka kweli, na kwamba kicheko kile ndicho kilichonitisha kuliko kilio. Alinyamaza muda mrefu, akasema, "Basi uandike hivyo, mana hapa umeandika kama kichekesho." Ubeti umebaki, na umebadilika. Sijui kama bila ubishi wake ningeona kwamba ulikuwa umesimama mguu mmoja.

Kutunga, kwa njia, ni neno la ajabu. Tunatunga shairi, tunatunga shanga, na jeraha lisipotibiwa nalo hutunga usaha. Ukiona mashairi mengi ya majonzi yanayosambazwa siku hizi, utajua ni maana ipi inayotumika.

Watu wanaoandaa semina watanijibu kwamba vijana ni wengi na walezi ni wachache. Ni kweli. Pia sasa kuna sababu za haraka: Tuzo ya Kiswahili ya Safal-Cornell imekuwepo tangu ilipoanzishwa mwaka 2014, ikiitwa wakati huo Mabati-Cornell, na huku nyumbani Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilianza kutolewa mwaka 2023. Ni mambo mema. Ila tuzo ina tarehe ya mwisho, na tarehe ya mwisho inazaa mafunzo ya haraka, na mafunzo ya haraka yanarekebisha kile kinachorekebishika haraka: herufi, mizani, na maneno ya kishamba. Kuuliza miti mingapi kunahitaji mtu aliyekwisha kuona shairi lako la mwaka jana.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo na lina bei. Ukumbi, bango, fulana na chakula cha watu arobaini kwa siku mbili vina gharama. Chukueni fedha hiyo mtafute watu kumi, walimu wastaafu, watangazaji wa zamani, mashehe na makatekista wanaopenda lugha, kila mmoja katika wilaya anayoijua lugha yake. Mpeni kila mmoja vijana wanne kwa mwaka mzima, nauli, na kitu cha kuweka mezani. Sharti liwe moja: mlezi asiandike mstari hata mmoja ndani ya shairi la mtu. Aulize, apige mstari, arudishe. Na kijana naye awe na haki ya kukataa, ilimradi aeleze kwa nini.

Mwalimu wangu hamtampata kwa cheti. Anapenda magadi ya ugoro na magazeti, hata yakiwa ya wiki iliyopita.