Saa ya Basi la Jioni Ipangwe na Nani?



Kila mfanyakazi wa Rumonge anaijua saa ile. Mitambo ya mawese imezimwa, jua limezama nyuma ya milima ya Kongo, nawe umesimama kando ya barabara ukitaka kwenda Kigwena au Minago. Gari ipo, lakini haiondoki. Shoferi anangoja ijae. Ikijaa saa mbili usiku, mtaondoka saa mbili. Isipojaa, utatembea kwa miguu, na mama mwenye mtoto mgongoni atatembea nawe gizani.

Tusimlaumu shoferi bure. Gari si yake, na kila siku lazima ampelekee mwenye gari hesabu. Tangu 2021 ukosefu wa mafuta ya gari umeirudia nchi yetu mara kwa mara. Akiyapata kwa taabu, hawezi kuyachoma kwa ajili ya abiria watano. Kosa ni la mpango. Serikali hupanga nauli, na hilo ni jema. Lakini nauli bila saa ni nusu ya kazi: bei imo karatasini, gari haimo barabarani.

Tutazame wenzetu. Huko Uingereza, kwa sheria ya 1985, mabasi ya nje ya London yaliachiwa makampuni. Makampuni yakachagua njia na saa zenye faida. Basi la jioni likabaki bila mwenyewe. Hapo halmashauri zikatumia uwezo waliopewa na sheria hiyo hiyo: hutangaza zabuni kwamba basi liondoke saa fulani na lipite vijiji fulani, kisha huilipa kampuni itakayokubali. Anayetoa fedha ndiye anayetaja saa. Lakini fedha za halmashauri zilipokatwa baada ya 2010, mabasi ya jioni yalikuwa miongoni mwa ya kwanza kufutwa. Msaada usiolindwa huondoka kimya kimya.

Ufaransa nayo ina njia yake. Tangu 1971 katika Paris, na tangu 1973 katika miji mingine, waajiri wenye wafanyakazi kuanzia idadi fulani hulipa kodi ya usafiri kulingana na mishahara wanayotoa. Sababu ni wazi: kiwanda kinahitaji mikono, na mikono hiyo haifiki kazini bila usafiri.

Sisi tunadai nini? Komini hukusanya ushuru wa soko. Sehemu ndogo ya ushuru huo itengwe kwa ajili ya gari mbili za jioni, moja ya kwenda Kigwena na moja ya kwenda Minago. Wenye viwanda na mashamba makubwa waongeze chao. Sisi tutalipa nauli yetu kama kawaida. Haba na haba hujaza kibaba. Iwe OTRACO au mwenye Hiace, atakayepewa kazi aondoke kwa saa iliyoandikwa, gari ijae isijae, naye alipwe baada ya safari kuthibitishwa.

Na saa hiyo isipangwe ofisini peke yake. Komini iwaulize kwanza wanaotoka kazini. Kila tawi la chama liandike saa ambazo watu wake hutoka na vijiji wanakokwenda, kisha tuipeleke orodha hiyo kwa mkuu wa komini.

Mfanyakazi aliyetoa jasho lake mchana kutwa ana haki ya kufika nyumbani salama usiku.

Umoja ni nguvu!